Nilikwenda na Printa

Niliifunga kwa khanga ndani ya kreti ya zabibu,
nikashuka nayo stendi ya Dodoma saa tatu asubuhi,
upepo wa Juni ukinijaza vumbi machoni.
Mpagazi mmoja akauliza kama nimebeba kuku.

Sikubeba kuku. Nilibeba ugomvi wa miaka miwili:
printa ya chama haipatani na kila mtu.

Barabara ya Saba, dukani kwa Masinga,
kompyuta zimepangwa kama maharusi,
nyembamba, zinang'aa.
"Hii, dada, inafunguka kabla hujapepesa."
Sikuja kwa ajili ya kupepesa.

Baba akinunua ng'ombe mnadani Msalato
alimfunua mdomo, akahesabu meno,
akamtembeza aone anavyokanyaga.
Hii nitaifunua wapi?
Nikaigeuza. Nikanusa tundu la feni.
Joto la Oktoba la Hombolo unalijua wewe,
paa la bati, dirisha halina kioo?
Umeme ukikatika na kurudi mara nne kabla ya chai,
huyu atasimama, au atalala kama yule wa kwanza?

Yule wa kwanza alikuwa mzuri.
Tulimnunua kwa rangi yake.
Alikufa Februari, zabibu zikiwa mzanini,
akaondoka na uzito wa watu mia mbili na kumi na wawili.
Mama Mnyambi alisema kreti zake ni thelathini na moja.
Nani ampinge? Nani amuunge mkono?
Mhasibu Chilewa alikaa mbele ya kioo cheusi,
mtu mzima, akijiona mwenyewe tu humo ndani.

Ndiyo maana nilikuja na printa,
na waya wa mzani, ule wa pini tisa,
na flashi yenye programu ya hesabu
ambayo kijana aliyeitunga yuko Mwanza na hapokei simu.
"Chomeka," nikamwambia Masinga.
Akapapasa ile nyembamba, kushoto, kulia,
kama mgeni anayetafuta mlango gizani.
Hakuna.
"Kuna kiunganishi, dada, kinauzwa pembeni."
Na kiunganishi kinataka nini?
"Kinataka... programu yake."
Nikacheka, naye akacheka, lakini si kicheko kimoja.

Rafu ya chini kulikuwa na moja nene, ya mtumba,
herufi M imefutika, pembe imegongwa.
Tukachomeka. Kimya.
Halafu printa ikakohoa, ikavuta karatasi kwa shida,
ikaandika: MBELEJE S., KILO 00.0,
mstari umepinda kidogo.
Sijawahi kuona sifuri nzuri vile.

Betri? Dakika kumi na nane, nilizihesabu kwa saa ya ukutani.
Feni inalia kama inasaga karanga.
Laki nne na nusu. Ile nyembamba, milioni moja na laki mbili.
Sikuwa na jibu zuri; nilikuwa na majibu mawili mabovu.

Nikauliza la mwisho:
"Agosti, zabibu zikiiva tena, wewe utakuwa wapi?"
Akaandika namba nyuma ya kadi ya duka.
Nikaipiga palepale, nikimtazama.
Ikaita mfukoni mwake. Akaona haya, akapokea:
"Haloo?"
"Ni mimi. Nilitaka kujua kama unapokea."

Nikailipia ile nene.
Na kabla ya kupanda gari la kurudi
nikanunua daftari kubwa, jalada gumu,
na kalamu mbili za wino.