Bila Mzigo

Njia hii niliichimba mimi, kwa sururu ya mpini uliolegea,
kuanzia miamba ya juu ya Kayenze
hadi uzio wa mizabibu ya Bi Nyanzobe.
Miezi mitano.
Upana wake mkono mmoja na nusu,
kwani bwana misitu alikuja na futikamba, akasema:
zaidi ya hapo si hifadhi tena, ni barabara.

Mti haukukatwa hata mmoja.
Palipo na mkuyu, njia iliomba radhi ikazunguka.
Palipo na mwamba wa pimbi nilirudi nyuma hatua arobaini
nikaanza upya;
wao walikaa tu juani wakinitazama
kama watu wenye hati ya kiwanja.

Jumamosi wanakuja vijana wa mjini,
wa Isamilo, wa Nyegezi,
baiskeli zina springi mbele, springi nyuma,
matairi yana punje kama hindi bichi.
Wanalipa.
Hilo lilinishinda kulielewa mwezi mzima:
mtu analipa apande mlima
hana ndoo, hana gunia, hana mgonjwa kwenye keria,
anafika juu, anakunywa maji, anashuka.
Nilimuuliza mmoja: umepeleka nini kule?
Akacheka. Alidhani ni utani wa Kisukuma.

Mimi nilipanda hapa miaka kumi na tisa
na Foniksi nyeusi, breki yake kandambili,
magunia mawili ya dagaa, siku mbaya matatu,
kutoka mwaloni hadi mnadani Kisesa.
Kupanda, unasukuma. Kushuka, unasukumwa.
Mzigo ndio unaokwambia pa kukanyaga.

Na usiku mmoja hawakuwa dagaa.
Alikuwa Lugembe, mdogo wangu, meno yakigongana kwa homa,
nimemfunga kwangu kwa kitenge cha mama,
kifua chake mgongoni mwangu,
joto lake likipenya shati.
Tulipofika zahanati, joto lilikuwa limepoa.
Sijui lilipoa wapi.
Kwenye kona ipi.

Bi Nyanzobe alileta vipando kutoka Dodoma,
amevifunga gunia bichi kama watoto wa kuogeshwa.
Watu wakamcheka: zabibu, kwenye unyevu huu wa ziwa?
Ukungu ukala mwaka wa kwanza.
Tumbili wakala wa pili.
Mvinyo wa tatu ulifaa kung'arishia cheni yenye kutu.
Wa nne akanimiminia kwenye kikombe cha bati,
tukanywa kimya, mjusi kichwa chekundu akipiga pushapu juu ya jiwe,
kisha akasema:
umeichimba njia, hujaipita.

Kulikuwa na baiskeli ya kijana mmoja aliyeteguka kiwiko.
Nikaipanda.
Nyepesi! Nyepesi hadi aibu.
Mwili wangu ukaegemea gunia lisilokuwepo,
na kona ya kwanza ikanitupa kichakani.
Nikainuka, nikang'oa miiba.
Kona ya pili nikapita kwa woga.
Ya tatu, mizabibu ikaanza kukimbia kushoto,
ziwa likafunguka chini, rangi ya bati jipya,
na upepo ukanishika mgongo.

Mgongo.
Miaka yote ile haukuwahi kupata upepo.

Nikafinya breki. Ikashika, mara moja, kama mkono wa mtu.
Nikasimama penye mkuyu, mguu mmoja chini,
shati limejaa baridi.
Hapa, nikasema.
Sijui, lakini na iwe hapa.

Kesho yake nikaviringisha jiwe, nikalipaka chokaa.
Vijana wanauliza jina la kona, wanaliandika kwenye simu zao.
Nawaambia: Lugembe.
Hawaulizi zaidi.
Wanapunguza mwendo pale, wote,
kwa sababu pana changarawe.