Kihisi Namba Kumi na Saba

Alikibandika mwenyewe, Novemba, chini ya daraja la Oulu,
glavu zimekatwa ncha, gundi imegoma kushika kwa baridi.
Akaipasha kwa pumzi,
kama anayembembeleza mtoto anywe uji.

Kidude saizi ya kucha ya kidole gumba.
Kazi yake kusikia chuma kikijikunja na kujinyoosha,
lori likipita, barafu ikibana nguzo.
Kiwanda kimekidhamini miaka arobaini.
Taimi Kortesniemi, daktari wa uhandisi,
amedhaminiwa miezi ishirini na minne.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
yeye jembe alipewa siku ya kwanza,
hati ya shamba ndiyo hakuonyeshwa.

Kila alfajiri, saa kumi na dakika kumi na mbili,
namba kumi na saba ilichora kinundu kwenye grafu.
Palepale, katikati ya mto.
"Kelele," alisema profesa. "Futa."
Hakufuta. Alivaa buti akaenda kuvizia
kama anayengoja mwizi wa kuku.
Likaja gari la kukwangua theluji, likasimama.
Dereva, Veijo, alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
akainywa taratibu akitazama maji meusi.
Tangu mke wangu afariki, alisema,
usiku wangu naumalizia hapa.
Taimi akarudi, akaandika kwenye jedwali:
si kelele, ni Veijo.

Machi tangazo likatoka. Nafasi moja, mtafiti wa vihisi.
Akasoma, akazitambua sentensi zake mwenyewe,
zimenyofolewa kwenye ripoti ya mwaka jana
pamoja na koma aliyoiweka vibaya.
Wanamtaka mwenye uzoefu mrefu aliyehitimu juzi,
anayejitegemea, atakayefuata maelekezo.
Akaomba kazi yake,
akibisha hodi kwenye mlango ambao ufunguo anao mfukoni.

Watu saba mezani. Biskuti hazijaguswa.
"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"
Akakifikiria kile kidude pale chini, gizani,
kitakavyokuwa kimebakiwa na miaka thelathini na ushei.
Akajibu jambo jingine, la heshima.

Barua ilianza: "Tumevutiwa sana."
Hakuhitaji kusoma mstari wa pili. Aliusoma.

Mwisho wa Aprili alirudisha ufunguo, akatia sahihi,
akaenda darajani na begi lake mgongoni.
Mto ulikuwa unavunja barafu, unaguna.
Akahesabu hatua hadi juu ya namba kumi na saba,
akatazama huku na huku,
akaruka. Mara tatu. Mtu mzima.

Vipo sasa kwenye data, vinundu vitatu vidogo,
kilo hamsini na tisa na begi.
Mrithi wake atavikuta, atakuna kichwa,
profesa atamwambia ni kelele.
Labda atafuta.
Labda atavaa buti.