Imekufa

Anyitike, kabla hujagusa bisibisi,
nawa mikono. Una mafuta ya chipsi.
Vaa huo mkanda wenye waya, ubane kwenye nati ile.
Baridi ya Juni hapa Mwanjelwa ni kavu,
na sweta lako la sufu linabeba cheche
usizoziona wewe, ila saketi inaziona.

Skrubu ziweke kwenye trei, kila moja na shimo lake.
Usiniambie zinafanana.
Ndefu ukiipachika pa fupi itatoboa bodi kimyakimya,
na mteja atafika Uyole na simu isiyosikia.

Andika daftarini: jina, aina, namba ya kifaa,
ulichokuta, ulichopima, ulichobadilisha.
Ulichopima, nimesema. Siyo ulichodhani.

Najua wenzako wa vibanda vya stendi wanakucheka,
"Fundi gani anaandika kama karani wa mahakama?"
Waache. Kaa nikusimulie neno moja.

Mimi nilianza kwa macho tu. Mtu akileta simu
naibonyeza, naitikisa sikioni kama yai,
isipotoa taa nakata plasta, nashika kalamu ya wino mzito:
IMEKUFA.
Mwenyewe anainamisha kichwa kidogo, kama mfiwa,
kisha anavuka barabara kununua mpya.
Kiroba kikijaa, jioni nakibeba
mpaka korongo la nyuma ya nyumba yetu, Ilemi,
namwaga. Betri, vioo, bodi za kijani.
Kutupa nako nilikuhesabu kuwa ufundi.

Mwaka ule mvua ilianza Novemba ikasahau kuacha.
Korongo likapanda. Alfajiri mama aliniita shambani,
si kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha.
Maharage yake yalikuwa yamelala,
na juu ya matuta, zimepandwa na maji,
simu zangu.
Betri zimevimba kama maandazi.
Tope linang'aa rangi zisizo za tope.
Mama aliokota moja, akaifuta kwa upindo wa kitenge,
akasoma polepole, maana aliishia la nne:
"I-me-ku-fa. Huu si mwandiko wako?"

Shamba lile hatukulilia chakula miaka miwili.

Simu ile niliichukua. Aibu, labda.
Niliifungua kwenye sinia, nikaiosha kwa spiriti na mswaki,
nikaianika karibu na jiko siku tatu,
halafu nikaenda kuazima mita kwa fundi Mwaisaka,
mtu wa VETA, mkali kama msumeno.
Hakuniazima. Alinikalisha.
Weka ncha hapa. Sasa hapa.
Mita ikalia pii. Mbele kidogo, pii.
Mbele tena, kimya.
Ilikuwa fyuzi, ndogo kuliko punje ya ulezi,
bei yake haifiki soda.
Tulipotia nyingine, na betri nzima, taa iliwaka.

Haikuwa imekufa, Anyitike. Niliiua kwa kalamu.

Mwenyewe nilimfuata Isyesye, Bwana Mwasomola wa viazi.
Alikuwa ameshauza magunia mawili ya mbegu
apate simu mpya.
Aliigeuzageuza ile ya zamani, hakucheka, hakunituka.
"Sasa hii niifanye nini?"
Ndiyo hiyo ukutani, tunayojaribia laini.

Zipo zisizopona, sikudanganyi.
Hizo zina ndoo yake yenye mfuniko,
betri kando, kwenye mchanga,
mpaka aje yule wa chakavu mwenye kibali,
na yeye pia anasaini.
Lakini neno lile, kwenye safu ya mwisho ya daftari,
huliandiki peke yako.
Unaniita. Napima upya mbele yako.
Kisha tunaandika wote wawili.

Haya. Mikono umenawa?
Nionyeshe.