Sarafu Juu ya Mtutu

Alikuja saa nne, mabati ya Gerezani yameanza kuchemka,
bunduki kaifunga kwa kanga ya mkewe,
kibali mfukoni, kimekunjwa mara nne kama risiti ya ada.
"Fundi Mrutu, ulimi wake mgumu.
Nauvuta kama punda asiyetaka kuvuka barabara."

Nikasoma leseni kwanza.
Namba ya kitabu, namba ya chuma. Zikalingana.
Ndipo nikafungua kanga.

Chuma cha bei poa, sikatai.
Kitako cha plastiki, mshono wa kalibu unaonekana ubavuni
kama kovu la upasuaji wa haraka.
Lakini mtutu umenyooka; nimeshaona za gharama zilizopinda.
Aliyeiunda alibana senti pale asipodhani mtu atachungulia:
ndani, chuma kinapokutana na chuma.

Nikatundika mizani ya ndoano,
niliyoinunua kwa muuza nyama wa Keko alipofunga bucha,
nikavuta taratibu.
Kilo moja. Mbili. Kitu kikakwaruza, kikasita,
kikaendelea kama mtu apandaye ngazi gizani.
Tatu. Tatu na nusu. Ndipo: tak.

"Hii si bunduki," akasema Zamoyoni, mwanafunzi wangu,
"ni pampu ya kisima."

Bwana Chilumba hakucheka.
Akatueleza habari za pongo,
mwezi wa nane, ng'ambo ya Rufiji,
mnyama kasimama ubavu wazi, upepo mzuri,
naye akavuta, akavuta,
mtutu ukakifuata kidole kwenda kulia.
Risasi ikaingia pajani.
Walifuata damu mpaka jua likazama.
Damu ikawa matone, matone yakawa majani makavu tu.
"Silali," akasema, akiitazama feni.

Kazi yenyewe ni ndogo, haijazi kiganja.
Kinoo, mafuta ya cherehani, subira.
Hukiondoi chuma, unakiondolea kiburi.
Ukipitiliza unywele mmoja
umemtengenezea mtu msiba
utakaongoja siku aiegemeze mlangoni.
Umeme ukakatika saa sita. Zamoyoni akashika tochi
na jasho lake likanidondokea shingoni,
hakuna aliyeomba radhi.

"Shusha zaidi," akasema Chilumba. "Iwe laini kama uji."
Nikakataa.
Kilo moja na nusu, basi.
Bunduki ya porini lazima ikuulize mara moja
kabla ya kukukubalia.

Nikagonga kitako sakafuni, chemba tupu, mara kumi.
Haikufyatuka.

"Piga goti. Lenga ule msumari wa kalenda."
Nikamwekea sarafu ya mia mbili juu ya mtutu, karibu na ncha.
Tak.
Sarafu ikaanguka, ikabingirika chini ya jiliwa.
Tena. Ikaanguka.
Akavuta Zamoyoni: ikatulia pale pale kama nzi aliyelala.

Mara ya tatu sikumtazama mkono, nikamtazama uso.
Macho aliyafumba
kabla kidole hakijaanza safari.

Nje, wapiga sufuria waligonga bila kupumzika.
"Tangu pongo?" nikamuuliza.
"Kabla ya pongo."

Nikamtoza kazi ya kinoo na springi.
Woga sina tupa yake.
Sarafu nikampa: kila jioni, chemba tupu, hii juu.
Akaichukua kwa mikono miwili,
mtu mzima, mvi kidevuni, kama anapokea dawa.

Siku ya tisa simu ikaita. Hakusalimu.
Nikasikia tak.
Nikangoja mlio wa shilingi kwenye saruji ya Mbagala.
Nikangoja.
"Arobaini na moja," akasema,
akakata.