Mshenga wa Barafu

Barafu dume ni nyeusi, imejifunika kokoto,
haitoi maji ila kwa kubembelezwa.
Barafu jike ni nyeupe, buluu ukiichimba,
na ndiyo inayonyonyesha mashamba.
Hivyo ndivyo tunavyozitaja huku juu ya Shigar,
na kijiji kisicho na barafu yake
huenda kuposa.

Tulikwenda kumi na wawili.
Dume tulilitoa kichwani mwa bonde,
jike kwa wajomba, ng'ambo ya mto.
Masharti yalikuwa mawili: usiseme neno,
na kikapu kisiguse ardhi hadi tufike.
Rozi Ali, aliyetangulia, aliuma kijiti njia nzima,
kama mtu anayejijua.

Siku ya pili, penye changarawe, niliteleza.
Kikapu kiligusa chini
kwa muda wa kuku kudonoa punje moja.
Aliyenifuata alikuwa ameinama, akifunga kamba ya kiatu.
Nikainuka kimya,
kama tulivyoagizwa.

Tukazilaza pangoni, upande usioonwa na jua,
ubavu kwa ubavu,
makapi ya ngano juu yake, na makaa,
na vibuyu vya maji vipasuke usiku vizishone.
Rozi Ali akatema kijiti, akasoma dua.
Tukaziachia fungate yao.

Fungate ya barafu si siku saba.
Theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana;
ya chini hubanwa, nyota zake huvunjika ncha,
ikawa chembe chembe kama chumvi ya mawe.
Hewa huminywa itoke. Isiyopata njia
hubaki vipovu: pumzi ya mwaka ule
dada yangu Fiza alipokuwa bado akitambaa.
Uzito juu ya uzito,
mpaka weupe uchoke kuwa weupe.

Lakini kuganda si kitu, hata ndoo huganda.
Barafu huhesabiwa hai
siku inapoondoka ilipolala.

Wakubwa wake ndio waliolichonga bonde hili.
Kaguse mwamba nyuma ya kinu cha maji:
una mikwaruzo, yote ikielekea kusini,
kazi ya mawe yaliyogandia tumboni mwa barafu,
meno yasiyo na mdomo.
Mto peke yake ungetuchimbia ufa;
barafu ilitupa sakafu, pana, ya kulima.
Kilima tunakozika wafu wetu ni kifusi ilichosukuma
hadi ikachoka, ikakiacha, ikarudi nyuma.
Na lile jiwe jekundu, kubwa kuliko msikiti,
halina ndugu katika mlima wowote wa hapa.
Lilibebwa likatuliwa,
na aliyelileta hakurudi kulichukua.
Hata maji ya mfereji, ya kijivu, mazito,
ni mlima uliosagwa. Tunanyweshea shayiri,
kisha tunaula mkate.

Juu ya barafu yetu tulipanga mawe,
tukayapaka rangi, mstari mmoja
kutoka mwamba hadi mwamba.
Kila Septemba nilipanda nikakuta umenyooka.
Miaka ishirini na miwili.
Rozi Ali alikufa akiiamini ndoa ile.
Mimi niliamini kikapu.

Mwaka huu nilipanda na Fiza.
Alipiga magoti, akafumba jicho moja
kama seremala anayepima ubao.
"Kaka, la katikati limetoka."
Shubiri moja. Labda na kidole.

Ndipo nikasema. Kikapu, changarawe, kuku.
Alinitazama kitambo, mkono wake bado juu ya jiwe.
"Miaka yote hii," akasema,
"nikidhani unapanda kwa sababu unaipenda."

Sikuwa na jibu.
Chini yetu kitu kikaalika, tak,
kama kidole kinachonyooshwa asubuhi,
na sote wawili, bila kuambiana,
tukanyamaza.