Swali la Saba

Joho la kukodi, mikono inanifunika vidole,
linanuka dawa ya nondo na jasho la wahitimu wa mwaka jana.
Kesho tutapangwa uwanjani kwa herufi:
Thoya, Nyevu, karibu na mkia wa mstari.
Bweni lote limefunga masanduku kwa kamba.
Mimi bado nimeshika karatasi ya mtihani
isiyo yangu.

Miaka mitatu Mchungaji Ngowa alituuliza swali moja
akilibadilisha nguo:
imani yako na elimu yako, zinalala chumba kimoja?
Tulijua anachotaka kusikia.
Tuliandika: ni chanda na pete,
naye akatupigia vema, vema, vema,
hata aliyenakili kwa jirani.

Kisha nikapelekwa Ganda, mazoezi ya kufundisha,
darasa la sita, sayansi,
watoto sitini na wawili, madawati ishirini.
Nikachora mzunguko wa maji:
bahari, mshale, wingu, mshale, mvua, mshale, Sabaki
ikirudi na udongo wa mashamba ya bara
mpaka maji ya Malindi yakawa rangi ya chai.
Niliionea fahari ile mishale.
Chaki ya buluu niliinunua kwa pesa zangu.

Swali la saba: Mvua hutoka wapi?
Kalume Mwaringa, kwa penseli fupi kama jino, akajibu:
Kwa Mungu. Lakini mwaka huu hajaleta.

Nikamkata. Sifuri.
Wino mwekundu ukapenya hadi ukurasa wa pili.

Jumapili iyo hiyo
nilipiga magoti kwenye saruji ya kanisa letu
nikaomba mvua, kwa sauti, kwa machozi kabisa,
maana mahindi ya mama yalishajikunja majani.
Sikutaja mvukizo. Sikutaja mgandamizo wa hewa.
Nilisema: Bwana, lete.
Nilipofumbua macho, kidoleni
palikuwa na doa la ule wino.

Kumbe ndani yangu nina wapangaji
wanaopishana mlangoni bila salamu,
mmoja akitoka Jumatatu na chaki,
mwingine akirudi Jumapili na Biblia,
na kodi nalipa mimi.
Wa tatu sikumwandika katika insha yoyote:
babu, ambaye kigango chake kimesimama pembeni mwa shamba.
Mama, mwanamke wa kanisa, hupita akitazama kando,
lakini jembe lake likifika pale
hupunguza kishindo.

Kalume, alama sitakupa.
Swali liliuliza njia, wewe ukamtaja mwenye njia.
Mwalimu yeyote angekukata, hata wa Jumapili.
Ila sikuisoma sentensi yako ya pili.
Mwaka huu hajaleta:
hayo umeyapima wewe, kwa macho,
ukihesabu miezi kwenye mtungi wa nyumbani,
na hapo hapo umemdai Mungu deni lake
kama mtu anayejua anakoishi.
Maneno manne, bila mshale.
Mimi kwa kurasa arobaini na marejeo chini
sijawahi kuyakutanisha hayo mawili
hata wakapeana mkono.

Usiku huu nimejaribu kuufuta ule mkato.
Nimeazima raba kwa Jumwa,
akauliza, unafuta nini saa hizi, nikasema, kazi ya zamani.
Wino haufutiki. Karatasi imetoboka.
Kwenye tundu, kutoka ukurasa wa pili,
linachungulia neno moja la mwandiko ule ule,
jibu la swali la kumi na moja,
mbegu huhitaji nini ili iote:
maji, hewa, na kungoja.

Pale pia nilimkata.
Nilitaka joto.