Mstari kwenye Pakiti ya Maziwa

Nilichora mstari kwa kalamu ya wino
ubavuni mwa pakiti, pale maziwa yalipokomea,
nikairudisha kwenye friji kama mtu anayeficha barua.
Mimi ni mhasibu. Kazini nahesabu ya watu,
nyumbani nahesabu yangu:
mkate, vipande kumi na viwili. Mayai sita.
Ndizi nne, moja ina doa.

Kasiva hufika saa kumi na mbili na nusu,
amevuka reli kutoka Mukuru,
viatu mkononi kama usiku ilinyesha,
na kopo lake la bluu limefungwa kwa leso.
Siku ya kwanza tulikubaliana,
au niseme nilikubaliana na nafsi yangu:
mshahara huu, Jumapili upumzike,
chai ya asubuhi ipo,
cha mchana utajua mwenyewe.
Akasema, "Sawa, mama Jabali."
Sawa ni neno dogo. Hujui uzito wake
mpaka ulibebe wewe.

Tulilijadili kwenye chama, nyumbani kwa Wangeci.
Nyakerario akasema: "Mshahara ni mshahara.
Ofisini kwako nani anakupikia?"
Nikanyamaza. Ofisini kwangu kuna chai na mandazi,
bure, saa nne na saa kumi.
Achola akasema: "Wangu anakula tunachokula,
ila nyama nampimia."
Na Wangeci: "Mpe samaki leo,
kesho atakuuliza limau liko wapi."
Tukacheka. Sahani za pilau ziko mapajani,
na msichana wake, ambaye sikumuuliza jina,
anatuzunguka akikusanya mifupa.

Jumanne stima ilipotea kazini, nikarudi mapema.
Saa saba na dakika chache. Mlango umerudishwa tu.
Wameketi sakafuni jikoni, yeye na mwanangu,
kopo la bluu katikati.
Githeri. Mahindi yaliyochemka usiku kucha
juu ya makaa ya mtu mwingine.
Kasiva anaponda maharagwe kwa mgongo wa kijiko,
anapuliza, anampa.
Na Jabali, ambaye kwangu hufunga mdomo
kama benki Jumamosi mchana,
anaufungua mpaka namwona koo.
"Ingine," anasema. "Kasi, ingine."

Kasiva akainuka haraka, akijipangusa mikono
kana kwamba nimemfumania na mali yangu.
"Wali wake upo, mama, nimeufunika.
Anaukataa. Tangu mwezi wa pili anataka hiki."

Mwezi wa pili. Tulikuwa wa sita.
Mkono wa mhasibu hautulii, nikaanza:
siku ishirini na sita kwa mwezi,
vijiko vingapi kwa siku,
na kopo lenyewe ni la mtu mmoja.
Sikumaliza. Nilifungua friji nipate pa kutazama.
Maziwa yako palepale kwenye mstari.
Na mstari umenyooka, jamani,
hata rula isingeweza.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilimpa jembe asubuhi ile ile ya kwanza.
Zile siku mbili za sahani
nilizila mwenyewe.

Sikumwomba radhi. Sijui husemwaje
kwa mtu ambaye mwisho wa mwezi
unamtumia pesa kwa simu na kusubiri ajibu asante.
Jumamosi nilipika ugali wa watu watatu,
sukuma, na kuku, paja zima kwake, bila kupima.
Nikavuta kiti cha mezani.
"Kaa, Kasiva."
Akasema, "Sawa, mama Jabali,"
akachukua sahani kwa mikono miwili,
akaenda kulia kwenye sinki,
amesimama, anakula upesi,
sikio moja kwa mtoto.

Kiti bado nimekivuta.